Bonde la Msimbazi: Jiji linunue ardhi sasa, kabla bati la mwisho halijapigwa

Anayetoka Magomeni kwa basi la mwendokasi kwenda Kariakoo anaona Jangwani kitu ambacho kwa miaka mingi hakikuwepo: nafasi. Nyumba zilizokuwa zimebanana hadi kingo za Mto Msimbazi zimevunjwa, na wengi wa waliokuwa wakiishi humo wamechukua fidia zao na kuondoka. Katika michoro ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, eneo hilo litakuwa bustani kubwa ya jiji, yenye miti, njia za kutembea, viwanja vya michezo na mahali pa maji kutanuka mvua inapokuwa kubwa. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi huo mwaka 2022. Ni jambo la kushukuru.

Lakini bustani hiyo inaishia Barabara ya Kawawa. Ukivuka barabara na kupanda na mto kuelekea Kigogo, Tabata, Vingunguti, Segerea, Kinyerezi hadi vilima vya Pugu ambako Msimbazi unaanzia, biashara ni ileile ya siku zote. Viwanja vya kando ya mto vinakatwa na kuuzwa kwa karatasi moja, mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa, na mtaa unachukua asilimia yake. Mnunuzi anamwaga kifusi kuinua kiwanja, anapanga viroba vya mchanga na matairi chakavu upande wa mto, kisha anapiga bati. Miaka mitano baadaye atakuwa na majirani, nguzo ya umeme na anwani ya makazi. Miaka kumi baadaye serikali itamletea mthamini.

Swali lililo mbele ya madiwani wa Dar es Salaam ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: je, jiji litoe fedha zake kununua ardhi ya juu ya bonde ili bustani iendelee na mto, au lisubiri? Msimamo wa gazeti hili ni kwamba linunue, na lianze katika bajeti inayofuata. Kusubiri tumekwishakujaribu, na gharama yake inajulikana.

Mipango miji ya mwaka 1979 ilikwisha kuyatenga mabonde ya Dar es Salaam yasijengwe. Wapangaji wa mji wa wakati ule hawakuwa wajinga. Waliona kwamba mji umekaa kwenye mchanga na udongo wa mfinyanzi, kwamba mito yake ni mifupi na hujaa ghafla, na kwamba maji ya Pugu lazima yapite mjini ndipo yafike baharini pale Daraja la Selander. Wakapaka mabonde rangi ya kijani kwenye ramani. Ila hakuna aliyepewa jukumu la kuilinda rangi hiyo. Hapakuwa na uzio, hati wala mlinzi, na kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe katika mji unaokua kwa kasi hii hakikai muda mrefu bila kupata wenyewe.

Desemba 2011 ilikuja mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijapata kunyesha jijini kwa zaidi ya nusu karne. Watu zaidi ya 40 walikufa. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali na Kariakoo walikokuwa wakipata riziki, na si wachache waliorudi bondeni, kwa sababu nauli ya kila siku nayo ni mafuriko ya aina yake. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X nyekundu ukutani na matingatinga, bila fidia, kwa hoja kwamba hao ni wavamizi. Maelfu ya nyumba ziliwekewa alama, baadhi zikabomolewa, wengine wakakimbilia mahakamani. Bonde likajaa tena. Aprili 2018 maji yalirudi, na utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka uliofuata ulikadiria kuwa mafuriko ya mwezi huo peke yake yalizigharimu kaya za jiji zaidi ya dola milioni 100. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa palepale Jangwani kana kwamba aliyechora hakuwahi kuishi hapa, ilizama mara kadhaa, na Barabara ya Morogoro ikafungwa masika baada ya masika.

Jumlisha yote hayo: waliokufa, mabasi yaliyooza, siku ambazo mji ulikatika vipande viwili, viwanja vya Mabwepande, matingatinga, kesi, na hatimaye fidia iliyolipwa kwa fedha za mkopo ambao wajukuu wetu wataulipa. Hiyo ndiyo bei ya ardhi ambayo mwaka 1979 ilikwisha kutengwa isijengwe. Tuliinunua Jangwani kwa bei ya juu kuliko zote, na tuliinunua mwisho.

Wapo watakaouliza kwa nini jiji linunue kitu ambacho sheria tayari inakilinda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo, wanasema, anayejenga humo hana haki ya kulipwa hata senti. Tunaielewa hoja hiyo, na tunaona imeshindwa kazi. Kwanza, mto wenyewe hauheshimu mita. Kingo za Msimbazi zinakula ardhi kila msimu, na aliyejenga mita 80 kutoka majini miaka michache iliyopita leo anachungulia korongo kutoka dirishani. Waulize wakazi wa Ulongoni, ambao madaraja yao yalichukuliwa na maji, wakabaki wanavuka kwa kubebwa mgongoni.

La pili ni aibu zaidi. Nyumba hizohizo tunazoziita za wavamizi zina mita za umeme za LUKU, na tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo kila mwenye nyumba anaponunua umeme. Wengine walipewa leseni za makazi na serikali yenyewe. Watoto wao wanasoma katika shule za kata zilizojengwa na halmashauri, na wakati wa uchaguzi wagombea hufika hadi mlangoni. Mtu hawezi kuwa mkazi halali siku ya kodi na siku ya kura, kisha akawa mvamizi siku ya tingatinga. Mahakama inaliona hilo, na hata pale isipoliona, mtu aliyefukuzwa bila kitu hana pa kwenda ila bonde jingine. Fidia ndiyo njia pekee iliyowahi kuondoa watu Jangwani wakaondoka kweli.

Sasa tuseme wazi tunamaanisha nini kwa kununua. Nchini mwetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Jiji haliendi kununua ekari kama anayenunua gunia la mkaa. Linaweza kukubaliana na mwenye haki ya kumiliki akaiachia kwa malipo, au serikali ikaitwaa kwa manufaa ya umma chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Ndani ya fidia kuna thamani ya ardhi na ya maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na hasara ya biashara. Hapo ndipo ulipo ubora wa kuwahi. Kiwanja kitupu Kinyerezi kina mstari mmoja kwenye jedwali la mthamini. Kikijengwa nyumba ya vyumba sita, fremu mbili za duka na choo, mistari inaongezeka, na kila mstari ni fedha ya mlipakodi. Bado yapo mapengo juu ya Segerea na kuelekea Pugu: bustani za mboga, mashamba ya mihogo, migomba, viwanja vilivyozungushiwa michongoma lakini havijajengwa. Ndivyo vinunuliwe kwanza. Nyumba zilizokwisha kusimama ukingoni zifuate kwa awamu, kuanzia zile ambazo mto umeshazifikia.

Mji wa Curitiba, kusini mwa Brazil, ulikabiliwa na swali hilihili mwanzoni mwa miaka ya 1970, chini ya meya wake Jaime Lerner. Mto Barigui ulikuwa ukifurika, na ushauri wa kawaida wa wahandisi wa zama zile ulikuwa kujenga mifereji ya zege. Badala yake mji ulichukua ardhi ya mafuriko, ukachimba maziwa ya kupokea maji, ukapanda miti, na mwaka 1972 ukafungua bustani ya hekta zipatazo 140. Baadaye nyingine zikafuata kando ya mito yake. Mvua ikija, maziwa hujaa na njia za kutembea huzama siku mbili tatu, kisha maji hushuka na watu hurudi. Walifikia hata kuweka kondoo wa kula nyasi ili kupunguza gharama za kufyeka. Curitiba ndio mji ulioujulisha ulimwengu mabasi ya njia maalumu, kuanzia mwaka 1974, mfumo ambao mwendokasi yetu ni mjukuu wake. Tulikwenda kwao tukachukua basi, bustani tukaiacha, kisha tukaliegesha basi hilo ndani ya bonde la mafuriko.

Hoja ya pili ya wanaopinga ni nzito zaidi, nayo ni umaskini wa halmashauri. Zipo shule ambazo watoto wanakaa zaidi ya mia darasani, zipo zahanati zenye kitanda kimoja cha kujifungulia, na barabara za mitaa ambazo bodaboda tu ndizo zinapita. Diwani atasimamaje kwenye kikao cha kata aseme fedha zimekwenda kwenye miti? Hatutaki kulipuuza swali hilo, na hatuamini jibu lake liko katika hotuba kuhusu hewa safi. Jibu liko katika shule hizohizo. Masika yakija, vyoo vya mabondeni hufurika visimani, kipindupindu hubisha hodi, barabara iliyomwagiwa kifusi mwezi uliotangulia inabaki mitaro, na fedha ya madawati inageuka fedha ya maafa. Fedha ya bonde tayari inatumika kila mwaka. Inatumika vibaya tu.

Chanzo kimoja cha fedha kipo ndani ya mradi wenyewe. Mipango ya Jangwani ina sehemu zitakazoinuliwa kwa udongo uliochimbwa mtoni ili zijengwe nyumba na majengo ya biashara, umbali wa kutembea kutoka katikati ya mji. Ardhi hiyo itakuwa na thamani kubwa kwa sababu umma utakuwa umelipa fidia, umechimba mto na kujenga daraja jipya la Jangwani. Basi kitakachopatikana kwa kuikodisha kiwekwe katika mfuko wa kununua ardhi ya juu ya bonde, na kisiingizwe katika matumizi ya kawaida ya halmashauri, ambako kitayeyuka kwenye posho na mafuta ya magari. Kama bonde la juu litaachwa lijengwe lote, maji yatakayoshuka Jangwani yatakuwa mengi na ya kasi kuliko waliyoyapigia hesabu wahandisi, na hao wawekezaji wa majengo mapya watakuwa wa kwanza kulalamika.

Tunaunga mkono ununuzi, lakini hatuungi mkono hundi tupu. Afrika Mashariki ina kumbukumbu mbaya ya miji kununua ardhi. Nairobi, mwaka 2009, Baraza la Jiji lilinunua eneo la makaburi huko Mavoko kwa shilingi milioni 283 za Kenya, ilhali mthamini wa serikali alikuwa ameliona lina thamani ya takriban milioni 24. Udongo wake haukufaa hata kuchimbwa kaburi. Maofisa walifikishwa mahakamani, na mji ukabaki hauna makaburi mapya. Kwetu nako dalali hupata habari za mradi kabla ya mwenyekiti wa mtaa. Atamwendea mjane anayelima mchicha bondeni, amlipe milioni tatu taslimu, aandikishe karatasi kwa tarehe ya nyuma, kisha asubiri mthamini apite. Ndiyo maana tunataka tarehe ya ukomo itangazwe hadharani kabla mthamini hajaweka mguu. Orodha ya majina na mipaka ibandikwe kwenye ofisi za mitaa, isomwe kwenye mkutano wa hadhara, na tathmini iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo nayo yasichelewe. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema tathmini isiyolipwa ndani ya miaka miwili imekufa na lazima irudiwe, na tunazo familia nyingi nchini zilizokatazwa hata kukarabati paa huku zikisubiri fedha ambazo hazikuja.

Tusimsahau mpangaji. Nyumba nyingi za bondeni ni za vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba anaishi Tegeta au Kigamboni, naye ndiye huchukua fidia. Aliyelala na maji yakimfika kiunoni ni mama lishe, kuli wa Kariakoo, kijana wa gereji. Kwa kawaida jina lake halimo katika daftari la mthamini. Akiondolewa bila msaada wa kodi ya miezi michache, atapanga katika bonde jingine, na jiji litakuwa limenunua tatizo lilelile mara mbili. Malalamiko ya viwango vya fidia yaliyosikika Jangwani nayo yasijirudie juu. Anayeondoshwa kwa ajili ya bustani ya watu wote asiwe ndiye mchangiaji mkuu wa bustani hiyo.

Kuna jambo ambalo tunalihofia kuliko bei, nalo ni nani atakuwa mmiliki wa bustani baada ya kununuliwa. Mto Msimbazi, katika sehemu yake ya chini, ni mpaka. Tangu Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani ilipovunjwa mwaka 2021 na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi kuwa jiji, bonde limegawanyika kati ya Jiji, Kinondoni na Ubungo kutegemea umesimama wapi. Mradi uko chini ya TAMISEMI na kusimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na maji ya mto yana mamlaka yake ya bonde. Wakubwa wote hao wana mihuri. Mradi ukifika mwisho na wataalamu wakarudi makwao, ni ofisi gani itakayomfukuza mwenye lori la kifusi saa nane usiku?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na Dar es Salaam ina ushahidi wa kutosha. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 imebaki kipande tu cha ilivyokuwa. Majengo yameimega upande baada ya upande. Mnazi Mmoja, iliyoachwa wazi na wakoloni ili kuwatenga Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu, tuliirithi ikawa uwanja wetu wa sherehe na wa mapumziko, lakini hata yenyewe imepunguzwa mara kwa mara. Coco Beach imegombewa miaka na miaka. Katika kata nyingi, kiwanja cha wazi kilichomo kwenye ramani ya mipango miji leo ni baa, karakana, au nyumba ya mtu ambaye jina lake hutajwa kwa kunong'ona. Ardhi ya wazi hapa mjini huvamiwa kwa hatua zinazojulikana: kifusi, kisha gereji, kisha banda la makuti, kisha ukuta wenye geti.

Kwa hiyo kila kipande kitakachonunuliwa kipimwe, kiwekewe mawe ya mipaka na kupewa hati yenye masharti ya matumizi ya bustani tu. Hati hiyo iwe mikononi mwa chombo kimoja cha bonde zima, chenye wajumbe kutoka halmashauri zote tatu na kutoka mitaa ya kando ya mto. Kubadili matumizi ya hata robo ekari kuhitaji uamuzi wa mabaraza yote, kwa kura ya wazi. Wakenya walijifunza hili kwa jasho na damu. Mnara wa ghorofa 60 uliotaka kusimamishwa Uhuru Park mwaka 1989 ulizuiwa baada ya mwanamazingira Wangari Maathai kupiga kelele akiwa karibu peke yake, na mwaka 1999 alipigwa hadi kujeruhiwa akitetea Msitu wa Karura. Maeneo hayo yapo hadi leo kwa sababu kulikuwa na watu walioyaona kuwa yao. Sisi tusingoje mtu apasuliwe kichwa.

Mchicha nao uzungumzwe. Wapo wanaume na wanawake wanaolima mboga bondeni, na sehemu ya mchicha na matembele ya mji huu hutoka huko. Maji ya Msimbazi yamebeba taka za viwanda na vyoo kwa miongo mingi, na watafiti wamekuta metali nzito katika mboga zake. Hatusemi wakulima hao wafukuzwe. Wapewe nafasi sehemu za juu zaidi ambako maji ni salama, na wengine waajiriwe kutunza bustani. Wanaijua ardhi hiyo kuliko ofisa yeyote mwenye tai.

Mabaraza ya madiwani hujadili bajeti zao mwanzoni mwa mwaka, kabla hazijapelekwa bungeni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Tunayataka mabaraza ya Jiji, Kinondoni na Ubungo yaweke kifungu cha kununua ardhi ya bonde katika bajeti ijayo, hata kama ni kwa viwanja vichache vitupu vya kuanzia, na yatangaze mipaka ya eneo linalokusudiwa ili mnunuzi asiye na habari asiendelee kuuziwa mto. Wizara ya Ardhi na halmashauri zisitishe mara moja utoaji wa leseni za makazi na vibali vya ujenzi ndani ya mipaka hiyo. Wenyeviti wa mitaa waache kupiga mihuri mauziano ya kingo za mto. Wanaoendelea wachukuliwe hatua. Nanyi wasomaji wetu wa Tabata, Segerea na Kinyerezi, kwenye mkutano ujao wa mtaa mwulizeni diwani wenu jambo moja: kifungu hicho kimo, au hakimo?